Foto na namba havitoshi

Bandugu, kila mara tukizungumuza juu ya luga ya uchaguzi, mutu anajibu: "Foto iko, namba iko, hata asiyesoma anachagua." Kwa kura ya raisi, sawa. Lakini tarehe 20 Desemba 2023, hapa Kolwezi tulikuwa na kura ine: raisi, depite wa taifa, depite wa provensi, na konseye wa komine, Dilala ao Manika. Foto inaonyesha ni nani. Haisemi anaenda kufanya kazi gani. Mama mumoja muuza mboga aliniambia konseye ni "ule wa kulipisha kodi ya soko". Kumbe makonseye ndio benye kuchagua burgumestre!

Mimi ni mutu wa agronomi, hilo ninaliona kila musimu. Mulimaji anatambua urea kwa weupe wake, na mufuko wa NPK anaujua. Lakini maelezo ni ya Kifaransa, basi anatia urea siku ya kupanda, na NPK ndiyo ilipaswa kutangulia.

Katiba ya 2006, artikle ya 5, inasema kura ni ya siri. Sheria inaruhusu asiyeweza kuchagua peke yake asaidiwe na mutu anayemutaka. Muzuri. Lakini mama akiingia na mutoto wake kumusomea, siri imebaki wapi? Tumeizoea tu.

Na sisi benye Kiswahili tusijitape. Artikle ya kwanza inakiweka kati ya luga ine za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Mama wa Kapanga mwenye Kiruund, ao wa Dilolo mwenye Kichokwe, hana hata hiyo. Kwake, Kiswahili chetu kinaweza kuwa Kifaransa cha pili.

Marekani, tangu 1975, sheria inalazimisha jimbo fulani kutafsiri karatasi za kura kama benye luga ndogo wasiojua Kiingereza muzuri ni wengi. Leo kipimo ni zaidi ya 10,000 ao 5% ya benye umri wa kuchagua. Na kwa luga zisizokuwa na maandishi, bananasaidia kwa mudomo.

Hilo la mudomo ndilo linanivuta. Karatasi ya Kichokwe haitamusaidia asiyesoma luga yoyote. Lakini tangu 2018 tunachagua na mashini ya skrini, na mashini inaweza kusema. Sauti mu masikio, kwa Kiruund, Kichokwe, Kisanga: hii ni kura ya nani, na kazi yake ni hii. Maneno yote hayajazi ukurasa mumoja. Benye kuyatafsiri bako, bamoja banasoma hapa, na kila likizo banarudi Sandoa na Lubudi.