Vizio, Neno “Kwa” na Hesabu za Nyuklia

Makala haya yanakusudia kuchunguza upungufu mmoja wa Kiswahili cha sayansi ambao aghalabu hupuuzwa, nao ni namna ya kutaja vizio katika hesabu, hususan hesabu za fizikia ya nyuklia.

Mfano wa kuanzia unapatikana mbali na maabara. Katika eneo la Runyenjes, Kaunti ya Embu, mkulima hupeleka kahawa kiwandani ikapimwa kwa kilo, na sokoni mahindi na maharagwe huuzwa kwa gorogoro. Hakuna anayejumlisha gorogoro na kilo, kwani gorogoro hupima ujazo na kilo hupima uzito. Wala mkulima hadhani kwamba kilo ya matunda mabivu ya kahawa ni sawa na kilo ya punje zilizokobolewa. Huhitajika takriban kilo sita au saba za matunda kupata kilo moja ya punje. Kwa hiyo msemaji wa kawaida huzingatia masharti mawili: kizio kiwe kimoja, na kitu kinachopimwa kiwe kimoja.

Fizikia ya nyuklia hudai masharti yayo hayo. Atomu mbili za hidrojeni na nyutroni mbili zina jumla ya vizio 4.032980 vya masi ya atomu, ilhali atomu ya heli ina 4.002603. Tofauti ni 0.030377. Kwa kuwa kizio kimoja ni sawa na nishati ya MeV 931.494, nishati inayoshikilia kiini cha heli ni MeV 28.3, yaani jouli 4.53 × 10⁻¹². Mwanafunzi akitwaa masi ya kiini peke yake upande wa heli (4.001506), huku akiacha atomu nzima upande wa pili, atapata MeV 29.3. Kizio hakikubadilika. Kilichobadilika ni kitu kinachopimwa, kwani masi ya elektroni mbili imehesabiwa upande mmoja tu. Kosa hili ni lile la kuchanganya matunda na punje.

Je, Kiswahili kinamsaidia mwanafunzi huyu? Wapo wanaodai kuwa tatizo ni uhaba wa majina. Dai hilo halitoshi. Ni kweli kwamba neno “kipimo” limetwishwa mzigo mkubwa: ni kifaa, ni tendo la kupima, ni kiasi kilichopatikana, na ni uchunguzi wa hospitalini. Lakini “kizio” lipo. Ingawa neno hilo hutaja pia nusu ya nazi, na katika jiografia nusu ya dunia, muktadha hutosha kuzitenganisha maana hizo.

Tatizo kubwa zaidi limo katika sarufi, mahali ambapo orodha za istilahi hazifiki. Husemwa “zidisha tano kwa tatu”, na vilevile “gawanya sita kwa mbili”. Neno “kwa” latumikia matendo mawili yanayopingana. Basi “jouli kwa sekunde” ni nini? Jouli zikigawanywa kwa sekunde, hiyo ni wati. Zikizidishwa kwa sekunde, hicho ndicho kizio cha kiasi kisichobadilika cha Planck.

Huenda ikajibiwa kwamba alama za hesabu hazihitaji lugha. Lakini alama husomwa kwa sauti darasani, na matokeo yake huelezwa kwa raia. Mwaka 2024 wakazi wa Uyombo, Kaunti ya Kilifi, walipinga mpango wa kujengwa kinu cha nyuklia kwao. Katika mjadala wa namna hiyo, kiwango cha mionzi cha milisieverti 1 kwa mwaka na cha milisieverti 1 kwa saa hutofautiana mara 8,760. Katiba ya Kenya ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Hapana budi basi raia aweze kuisikia tofauti hiyo kwa Kiswahili pasipo shaka.

Yapendekezwa hapa mambo matatu. Kwanza, “kizio” litumike peke yake kwa maana ya kiasi cha kulinganishia. Pili, mgawanyo utajwe kwa “kwa kila” na kuzidisha kwa “mara”: jouli kwa kila sekunde, jouli mara sekunde. Tatu, kila masi inapotajwa ielezwe kama ni ya atomu au ya kiini. Hakuna istilahi mpya hapa. “Kwa kila” na “mara” ni maneno ya sokoni, na mchuuzi wa Runyenjes huyatumia bila kukosea. Wanaisimu wameshughulika mno kuunda nomino, wakavisahau viunganishi vinavyozifanya nomino hizo zihesabike.