Inagonga Lini?

Pikapu ikianza kugonga chini, majibu hutangulia gereji. Mwenye gari ameshaamua kwamba difu imekwisha. Jirani aliyepewa lifti jana anaapa kwamba ni krosi. Muuza spea naye yuko tayari kuuza vyote viwili. Kwenye gereji za kando ya barabara pale Makambako, ambako Hilux zinashuka kutoka Njombe na viazi vilivyofungwa lumbesa, nimewasikiliza mafundi wengi, na wale ninaowaheshimu huanza na swali lilelile.

"Inagonga lini, bosi?"

"Huku nyuma, fundi. Chini ya bodi."

"Wapi nitapatafuta mwenyewe. Wewe niambie lini."

Swali hilo ndilo linaloutenganisha ufundi na kubadilisha vyuma. Kutoka giaboksi hadi matairi ya nyuma nguvu ya injini inapita katika mnyororo mmoja wa vyuma: propela, krosi zake (viungo vya msalaba), meno ya kuteleza, difu, ekseli. Propela yenyewe ni bomba tupu. Ikigongwa mbele inalia mwili mzima, chesisi inaupokea mlio na kuupeleka inakotaka, na sikio la aliye kwenye kiti linaamini kishindo kimetoka chini ya mzigo. Mahali pa sauti padanganyifu. Wakati wake hausemi uongo.

Pikapu inayotoa kishindo kimoja unapoachia klachi, kisha kingine unapopachika rivasi, ina uwazi mahali fulani: vyuma viwili vinavyopaswa kushikana vimeachana kidogo, na kila nguvu inapogeuka upande vinakutana kwa kishindo. Ikigonga mara moja tu baada ya kusimama, pale unapoanza tena kuondoka, mtaje mshukiwa mwingine: meno ya kuteleza yaliyokauka grisi. Ekseli hupanda na kushuka na springi zake, kwa hiyo propela lazima irefuke na kufupika. Meno yakikauka, hung'ang'ania, halafu yanaachia ghafla. Mlio mwembamba wa kusaga unaoongezeka kasi kadiri gari linavyokwenda huwa ni krosi isiyo na grisi. Mtetemo wakati wa kuondoka na mzigo, kwa pikapu yenye propela ya vipande viwili, unakupeleka kwenye beringi ya katikati, ambayo mpira wake huchanika. Na ikigonga kwenye matuta tu, ukanyage mafuta au usikanyage, acha propela kabisa. Tazama bushi, shokapu, springi, hata tairi la akiba lililolegea kwenye mnyororo wake. Tairi hilo limewahi kuwauzia watu difu.

Hapo ndipo fundi anapoingia chini. Matairi yamezuiwa kwa mawe, gia iko huru, breki ya mkono imeachiwa. Anashika propela upande huu wa krosi kwa mkono mmoja na upande wa pili kwa mwingine, anazungusha huku na kule kinyume. Krosi nzima haina neno: mikono haihisi chochote. Ikicheza hata kidogo, imekwisha, hakuna mjadala. Na mara nyingi jicho limeshajua kabla ya mkono, kwa sababu pembeni mwa kikombe cha krosi iliyokufa hutoka unga mwekundu wa kutu. Maji ya madimbwi yaliingia, grisi ikatoka, chuma kikasaga chuma.

Difu ndiyo inayodai busara zaidi, maana yenyewe huruhusiwa kucheza. Pinioni na gurudumu lake kubwa la meno haviwezi kubanana kabisa, vingeungua. Kwenye difu nyingi za Hilux nafasi inayotakiwa kati ya meno ni kama milimita 0.13 hadi 0.18, na ukizungusha propela kwa mkono utausikia mchezo huo. Fundi asiye na subira anausikia na kutangaza msiba. Aliyezoea anajua uzima unavyohisika mkononi, na kwa maoni yangu huko ndiko kujua kugumu kuliko kote, maana mtu hujifunza kwa kushika magari mazima, siyo mabovu peke yake.

Krosi yenyewe inastahili heshima. Katika karne ya 17, Robert Hooke wa London alionyesha jinsi vyuma viwili vinavyoweza kuzungushana hata vikiwa vimepinda pembe, kwa kuunganishwa na msalaba katikati. Mwaka 1903 Mmarekani Clarence Spicer, aliyekuwa amesoma Chuo Kikuu cha Cornell, alipata hataza ya kiungo cha namna hiyo kwa ajili ya magari, zama ambazo mengi yalikuwa bado yakiendeshwa kwa minyororo. Lakini kiungo hiki kina tabia yake: kikipinda, chuma kinachoendeshwa hakizunguki kwa mwendo sawa. Katika kila mzunguko huongeza kasi mara mbili na kupunguza mara mbili. Ndiyo maana propela ina krosi mbele na nyuma, zimepangwa ili ya pili isawazishe kile ambacho ya kwanza imevuruga. Kwa hiyo kabla spana namba 14 haijagusa bolti hata moja, fundi anayejua kazi hupiga alama za tindo kwenye flanji na kwenye meno, kila kitu kirudi kilikotoka. Anayeziruka alama hizo anaweza kuondoa kugonga na kumrudishia mwenye gari mtetemo.

Kuna kipande cha kazi hii ambacho ningependa kila mwenye pikapu akikodolee macho angalau mara moja. Propela iko kwenye jiliwa, krosi mpya inaingizwa. Ndani ya kila kikombe limepangwa duara la vijiti vya chuma vyembamba, vimeshikiliwa na grisi tu. Kikombe kinasukumwa, kinaingia vizuri, halafu kinagoma kikiwa kimebakiza nafasi ndogo, na klipu haikai. Kijiti kimoja kimeanguka, kimelala chini ya kikombe. Mwenye haraka huongeza nyundo, na krosi mpya inakufa palepale jiliwani. Fundi anasimama. Anakitoa kikombe, anakisimamisha kijiti kwa ncha ya kidole na grisi, anaanza upya. Klipu zikishakaa, anaichezesha krosi kwa vidole pande zote, ikiwa nzito anagonga masikio ya uma unaoishika krosi taratibu mpaka vikombe vitulie, kisha anasukuma grisi mpaka itokeze kwenye ncha zote nne. Ikitokeza kwenye tatu, hajamaliza.

Sasa nina neno kwa wenye magari. Tumezoea kulipia spea, na kulipia mikono iliyoifunga. Kutafuta hatulipii. Fundi akisema amekagua tu na hakuna cha kununua, tunashukuru na kuwasha gari. Kwa tabia hiyo tumewafundisha vijana wengi kwamba chakula cha watoto wao kiko kwenye kufungua na kubadilisha, na tunashangaa wakibadilisha difu nzima. Siku fundi wako atakapolala chini ya pikapu saa nzima, atoke na kukwambia kwamba ni nati za yubolti zilizolegea, ekseli ilikuwa inasogea chini ya springi, ameshazikaza na hakuna spea ya kununua, mlipe ile saa, na umlipe vizuri.