Kuti Bichi

Masika yakishakolea, mnazi ulio nyuma ya jiko letu hapa Pangani haunyamazi. Alfajiri, adhana haijaisha, minana wameshaanza kugombana. Miaka yote nilikuwa nikiwalaani huku nimejifunika shuka. Safari hii nilitoa kigoda uani, nikakaa kuwatazama.

Dume la mnana utalijua kwa kichwa cheusi, mwili wa manjano na jicho jekundu. Vyombo vyake vya kazi ni mdomo na miguu miwili, na miguu yenyewe inashughulika kushikilia tawi. Hutua juu ya ukuti, akaung'ata pembeni mpaka upate mkato, akabana ncha ya ule mkato, kisha akaruka. Mruko wake ndio unaochana. Huondoka na chane moja ndefu, nyembamba, imenyooka kama iliyopimwa.

Huanza na pete. Hufunga chane kwenye kijiti, akaipitisha, akairudisha, akaichomeka chini ya nyingine, mpaka apate duara la kusimama ndani yake. Kuanzia hapo kipimo ni mwili wake. Husimama palepale kwenye pete, akasuka mbele hadi mdomo unapofika. Hicho ndicho chumba cha mayai. Halafu huinama upande wa pili akasuka ukumbi, na mlango unaotazama chini. Hivyo kila kiota humwenea mwenyewe. Kuti likiwa jingi, ganda lote huweza kusimama kwa siku moja.

Haraka hiyo nilieleweshwa na mkwezi wetu, mzee aliyesuka mapakacha tangu ujana wake. Ukindu wa mkeka huanikwa kwanza, ukaja kulowekwa siku ya kusukwa. Pakacha halina subira hiyo. "Kuti likikauka, mwanangu, ukilikunja linavunjika," aliniambia. Mnana naye husuka mabichi, na anayemngoja anaijua rangi ya ubichi.

Maana kiota kikiisha, dume huning'inia mlangoni kichwa chini, akipiga mbawa na kupayuka. Jike huja, akaingia, akavutavuta kuta kwa mdomo. Akiridhika, huleta nyasi laini na manyoya akatandika ndani. Asiporidhika, huenda zake. Siku zikipita kiota kinageuka kahawia, na majike hawakitazami tena. Hapo fundi hufanya jambo ambalo mafundi wengi tunalishindwa: hukifumua mwenyewe, chane kwa chane, akaanza kingine palepale. Kuna dume mmoja nilimhesabia viota vitatu alivyovibomoa. Cha nne kilipata mwenyewe.

Usidhani huzaliwa na ujuzi huo wote. Watafiti wa Marekani, Nicholas na Elsie Collias, waliowachunguza ndege hawa kwa miaka mingi, waliwalea madume wachanga bila kuwapa kitu cha kusukia. Walipokuja kupewa, walihangaika. Chane ziliwaponyoka, na mkono ukaja kukaa baada ya mazoezi. Hata kwenye mnazi wetu, pembeni, kuna vijana wenye viota vilivyopinda na kutoboka. Hakuna jike anayevisogelea, nao hawaachi kusuka.

Ndani ya kile kilichokubaliwa, jike hutaga mayai mawili au matatu, akaatamia peke yake kwa siku kama 12. Mayai ya jike mmoja hufanana. Ya jirani yake ni mengine kabisa: meupe, ya buluu, ya kijani, yenye madoa au bila madoa. Hiyo ni alama ya mwenye mali. Wapo ndege wa jamii ya kekeo wanaotaga kwa kuvizia katika viota vya minana, na mama akiliona yai lisilo lake hulitupa nje. Kule Mauritius, minana walipelekwa na binadamu na kekeo hao hawapo; huko, kadiri vizazi vilivyopita, tofauti za mayai baina ya majike zimepungua.

Makinda walipoanguliwa, makelele yaligeuka mlio mwembamba wa njaa. Wazazi ni walaji wa mbegu, lakini wachanga huanza kwa wadudu. Mama alikuja na panzi, akaondoka, akarudi na kiwavi. Nilihesabu safari mpaka chai yangu ikapoa.

Katikati ya hayo mkwezi alikuja kuangua nazi. Nilimwonyesha makuti yaliyobaki njiti tupu, nikamuuliza kama aviondoe vile viota. Alitazama juu kitambo.

"Tuuache mpaka watoke," alisema, akaenda kupanda mnazi wa jirani.

Makinda walitoka baada ya wiki kama tatu. Mnazi ulipoteza makuti matatu, na nazi zake tuliangua mwezi uliofuata, kamili.