Masomo ya Fizikia kwa Video: Je, Yafundisha au Yapendeza Tu?

Walimu wengi wa mkoa wa Songwe, tangu Tunduma mpakani hata Vwawa na Ileje, siku hizi hutumia video katika kufundisha fizikia. Mwalimu hupakua somo katika intaneti, akalihifadhi katika simu au flashi, kisha akawaonyesha wanafunzi kwa projekta, ikiwa shule inayo. Na ikiwa haina, wanafunzi husongamana mbele ya kompyuta moja. Wako wanaolisifu jambo hili kupita kiasi, na wako wanaolidharau. Mimi naona yafaa tulipime kama tupimavyo kitabu: tujue ni wapi lafaulu, na ni wapi lapungukiwa, na kwa sababu gani.

Kwanza tuseme sifa zake, maana ni za kweli. Fizikia ina mambo mengi yasiyoonekana kwa macho. Mwalimu achorapo ubaoni mstari uliopindapinda na kusema, "Hili ni wimbi," mtoto huona nyoka aliyekufa. Video humwonyesha chembe za hewa zikisongamana na kuachana, kila moja ikicheza mahali pake, hata afahamu ya kuwa sauti husafiri lakini hewa yenyewe haihami. Tena, jiwe likianguka kutoka kimo cha meta 1 hufika chini kabla ya nusu sekunde kutimia, na jicho haliwezi kulifuata. Video ikipunguzwa mwendo, mtoto huona jinsi nafasi zinavyozidi kupanuka jiwe liendeleapo kushuka. Hapo neno mchapuko hupata maana kwake. Na mwezi wa Machi 2020, shule za Tanzania zilipofungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, masomo yalipitishwa katika redio na televisheni, na mwenye chombo nyumbani hakukatiwa elimu kabisa.

Lakini video si za namna moja, wala haifai kuzihukumu zote kwa neno moja. Zile za Khan Academy, iliyoanzishwa na Salman Khan huko Marekani mwaka wa 2008, zina ubao mweusi, mwandiko wa rangi, na sauti ya mtu asiyeonekana uso. Uzuri wake ni upole: hazina haraka, na mtoto asiyeelewa hurudisha nyuma mara kumi bila kuchekwa. Upungufu wake ni kwamba mwanafunzi huona hesabu ikifanywa na mwingine, na mkono wake mwenyewe umetulia. Namna ya pili ni michoro iendayo ya PhET, iliyoanzishwa mwaka wa 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado na Carl Wieman, aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka mmoja kabla. Hizo si video hasa, maana mwanafunzi mwenyewe hubadili urefu wa uzi, au huongeza betri, akaona litokealo. Baadhi yake zimetiwa katika Kiswahili, na zaweza kuwekwa katika kompyuta zikatumika pasipo intaneti. Kwa shule zetu naziona hizi za pili kuwa bora kuliko zile za kwanza, kwa sababu mtoto hulazimika kutenda jambo kabla ya kuona jibu.

Sasa twende kwenye kosa kubwa la video nyingi. Kosa hilo ni uwazi wake wenyewe. Huenda msomaji akastaajabu, kwani sote tumefunzwa ya kuwa somo zuri ni somo wazi. Lakini mtafiti Derek Muller, katika kazi yake ya shahada ya udaktari aliyoimaliza katika Chuo Kikuu cha Sydney mwaka wa 2008, alilipima jambo hili. Aliwapa wanafunzi maswali juu ya kani na mwendo, na wastani wa alama zao ukawa 6 katika 26. Kisha wengine waliona video iliyoeleza kanuni waziwazi, nao wakaisifu kuwa nyepesi na ya kueleweka. Walipoulizwa tena, wastani wao ulikuwa 6.3 tu. Wengine waliona video ambayo ndani yake watu wawili walizungumza, mmoja akitamka mawazo yenye makosa ambayo watu wengi wanayo, kisha yakachunguzwa na kusahihishwa. Hao walisema video yao inachosha na kutatiza; lakini wastani wao ulipanda hata kufika 11.

Maana yake ni nini? Mwanafunzi haji darasani kama mtungi mtupu. Huja na mawazo yake tayari. Aonapo video iliyo wazi, husikia maneno mapya na kudhani ya kuwa ndiyo yale yale aliyokwisha kuyaamini. Hutikisa kichwa, naye hakubadilika hata kidogo. Furaha ya kuona imemdanganya kuwa amejua.

Na kwetu sisi tusemao Kiswahili, hatari hii ni kubwa zaidi. Katika lugha ya kila siku neno "nguvu" labeba mizigo mingi: ni kani, ni nishati, tena ni uwezo wa mashine. Mrushe mpira juu, kisha umwulize mwanafunzi wa kidato cha pili ni nini kinachoupandisha baada ya kutoka mkononi. Wengi watajibu kuwa "nguvu ya mkono" bado imo ndani ya mpira, na ya kuwa hushuka nguvu hiyo inapokwisha. Sivyo. Tukiacha ukinzani mdogo wa hewa, kani iliyopo ni moja tu, nayo ni mvutano wa dunia, uuvutao mpira chini wakati unapopanda, unapofika kileleni, na unaposhuka. Neno "uzito" nalo lina hila yake: sokoni kilo ni uzito, lakini katika fizikia kilo hupima tungamo, na uzito hupimwa kwa newtoni. Video iliyotengenezwa Marekani haijui mtego huu, wala haiwezi kuutegua. Hata mwalimu wa hapa, akifundisha kwa Kiingereza kama ilivyo desturi ya sekondari, asipouliza kwa Kiswahili hataambiwa mtoto awazalo.

Upungufu wa pili ni kwamba video huja na nchi yake. Husema maji huchemka kwa digrii 100, na hilo ni kweli ufukoni mwa bahari. Lakini mahali penye mwinuko wa meta 1,500 maji huchemka karibu na digrii 95, kwa kuwa kanieneo ya hewa ni ndogo. Mtoto wa nyanda za juu za Mbozi akitia kipimajoto katika sufuria hataipata ile 100, naye atadhani kipimajoto chake ni kibovu. Kumbe hapo ndipo penye somo lenyewe! Vivyo hivyo, video huonyesha chombo cha anga ili kufundisha tofauti ya tungamo na uzito, hali sisi tunacho kimondo cha Mbozi, bonge la chuma lenye urefu wa meta 3 hivi, likadiriwalo kuwa na tani kati ya 12 na 16. Waulize wanafunzi: kama kimondo hiki cha tani 16 kingekuwa kikielea mbali angani bila uzito, je, mtu angekisukuma kwa urahisi? Wengi watasema ndiyo. Kisha wakokotoe: kani ya newtoni 16 ikikisukuma dakika nzima, kitapata mwendo wa sentimeta 6 tu kwa sekunde. Uzito umeondoka, lakini tungamo limebaki, nalo hukataa kuharakishwa.

Upungufu wa tatu ndio mzito kuliko yote: video haiulizwi swali. Wahenga walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Tukumbuke habari za Erasto Mpemba. Mwaka wa 1963, alipokuwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Magamba, alitia katika jokofu maziwa ya aiskrimu yangali moto, akaona yameganda mapema kuliko yale ya mwenzake yaliyokuwa baridi. Alipouliza sababu aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akisoma Mkwawa kule Iringa, aliuliza tena, akafanyiwa mzaha. Alipofika mgeni, Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, kijana alisimama akauliza mara nyingine, na wenzake wakacheka. Lakini Osborne hakucheka. Alirudi chuoni akaagiza jambo lipimwe. Mwaka wa 1969 wote wawili waliandika makala katika jarida la Uingereza, na hata leo jambo hilo huitwa kwa jina la Mpemba ulimwenguni pote. Wataalamu hawajapatana bado: mwaka wa 2016 Burridge na Linden walipima tena na kusema hawakuona ushahidi wa kutosha. Lakini hata mabishano hayo yamezaliwa na swali la mwanafunzi mmoja.

Habari hii yatukemea sisi walimu pia. Mwalimu aliyemdhihaki Mpemba alikuwa kama video: alisema lililotayarishwa, wala hakusikia. Basi tusijitape ya kuwa sisi tu hai na mashine ni mfu, ikiwa darasani mwetu mtoto haulizi vilevile.

Kwa hiyo nashauri hivi. Mwalimu aitazame video yote kabla ya somo, achague dakika tano au sita zifaazo, na nyingine aziache. Kabla ya kuiwasha, aulize litakalotokea, na kila mwanafunzi aandike jibu lake kwa lugha anayoifikiria. Aisimamishe katikati, wabishane. Kisha wafanye jaribio lenyewe, hata kwa vitu duni: uzi na jiwe kwa pendulamu, chupa ya plastiki yenye matundu kwa kanieneo ya maji. Mtihani wa kidato cha nne una sehemu ya vitendo, na aliyezoea kutazama tu hataweza kusoma kipimo kwa mkono unaotetemeka. Na umeme ukikatika, somo lisikatike.

Wasemao, usione vyaelea, vimeundwa, wamesema kweli. Video nzuri ni jahazi lililokwisha kuundwa. Mtoto aliangaliapo hupendezwa. Lakini sisi hatukutumwa kulea watazamaji wa majahazi, bali mafundi. Video iwe mtumishi wa swali, nayo itafaa. Ikiwekwa mahali pa swali, itatupa wanafunzi wenye furaha, wasiojua kitu, na wasiojua ya kuwa hawajui.