Fundi wa Mgongo Hapimwi kwa Mlio

Zinazunguka kwenye simu za watu wa Mtwara: video fupi, jamaa mwenye koti jeupe anamkandamiza mtu kiunoni, mgongo unalia "ka! ka!", na chini yake sifa zinamiminika. Fundi huyo! Hakuna anayeuliza mgonjwa alikuwa anaumwa nini, wala kama kesho yake aliamka.

Mlio ni gesi. Mwaka 2015 Greg Kawchuk wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, na wenzake walipiga picha za MRI wakati vidole vinaalishwa, wakaona uwazi wa gesi ukifunguka ndani ya ute wa kiungo. Utafiti mwingine, wa 2004, ulionyesha kuwa kiunoni mlio hutokea, kwa wastani, zaidi ya sentimita 5 kutoka pingili iliyolengwa. Anayetamba kwamba "pingili imerudi" kwa kuwa imelia, ametamba kwa bahati.

Kuli wa magunia ya korosho bandarini, mpulizia mikorosho mwenye bomba mgongoni, mvuvi wa Msimbati: wote huingia kwa fundi wakionyesha kiuno. Fundi hasa haanzii kiunoni. Anaanzia miguuni, na hapo ndipo macho ya asiyejua hupitwa.

Anamvua mgonjwa viatu, anamtembeza kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole. Anashika kidole gumba cha mguu na kusema, "Kiinue, nisikishinde." Anafanya kulia, anafanya kushoto, maana kinachosakwa ni tofauti ya pande mbili. Kidole kimoja kikilegea, neva ya tano ya kiuno inashukiwa, hata kama mwenyewe hajaulalamikia mguu. Kinyundo kinagonga chini ya goti na juu ya kisigino. Pamba inapitishwa juu ya wayo. Halafu mgonjwa analala chali, mguu ulionyooka unainuliwa taratibu. Maumivu yakishuka kama mchomo hadi chini ya goti kabla ya nyuzi 70, diski inashukiwa. Kipimo hicho kina jina la Lasègue, tabibu wa Ufaransa, ingawa aliyekiandika ni mwanafunzi wake Forst, katika tasnifu ya 1881, naye akampa mwalimu sifa zote. Adabu hiyo siku hizi haipo.

Aliyeiruka miguu asiruhusiwe kuugusa mgongo. Basi.

Maswali nayo yana uzito. Homa za usiku? Uzito umepungua? Pingili iliyoliwa na kifua kikuu ikikandamizwa inaweza kuporomoka, na mtu akapooza. Mkojo ukigoma, au ganzi ikishika katikati ya mapaja, ni hospitali siku hiyohiyo.

Wakandaji wa zamani wa Mikindani hawakuwa na MRI, lakini walio bora walijua kukataa. Mafuta ya nazi yalipashwa moto, mgonjwa akahojiwa kazi na usingizi wake, na bibi mkandaji akihisi jambo asilolipenda alijifuta mikono: "Huu si wa kwangu, mwanangu."

Ujanja wa vifaa si mpya. D. D. Palmer alianzisha kiropraktiki, tiba ya kunyoosha mgongo kwa mikono, huko Davenport, Marekani, mwaka 1895, mwanawe, B. J., akazuka mwaka 1924 na chombo cha kupima joto la mgongo, akawakodishia wenzake kwa bei ya kuwakimbiza. Leo chombo ni mkanda wa kiuno, ambao mwongozo wa WHO wa 2023 haupendekezi kwa maumivu sugu.

Cheti kiulizwe bila haya. WHO, mwaka 2005, ilitaja saa zisizopungua 4,200 za mafunzo ya kiropraktiki. Afrika Kusini fani hiyo husomewa Johannesburg na Durban hadi shahada ya uzamili. Semina ya siku mbili si elimu. Mtoa tiba mbadala nchini Tanzania anapaswa kusajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, chini ya sheria ya 2002. Kucha ziwe fupi. Anayepiga soga huku akikandamiza hafai, na chumba chenye taa za kurekodia kihamwe.

Anayeuza kifurushi cha mara 30, malipo kwanza, naye aachwe. Fundi hasa humfundisha mgonjwa mazoezi ya nyumbani na kumpangia siku ya kurudi. Wiki chache zikipita bila nafuu, anaandika barua ya kwenda Hospitali ya Ligula au Hospitali ya Kanda kule Mitengo, akitaja neva anayoishuku na upande wa mguu uliolegea.