Nakala Iko kwa Nani? Uhakiki wa Mradi wa Google wa Kudijitisha Vitabu kwa Jicho la Maktaba na Msomaji wa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanahakiki mradi wa Google wa kudijitisha vitabu vya maktaba, uliotangazwa mwaka 2004, pamoja na mashauri ya kisheria yaliyoufuata hadi mwaka 2016. Hoja kuu ni kwamba mahakama za Marekani zilijibu swali la iwapo kunakili vitabu kwa wingi ni halali, lakini swali la nani azitunze nakala hizo, nani aamue zisomwe wapi, na nani alinde siri ya msomaji lilibaki wazi. Maktaba ya jadi ilizibeba dhima hizo tatu kwa pamoja, udijitishaji umezitenganisha. Makala yanaonesha kwamba utengano huo unaigusa fasihi ya Kiswahili moja kwa moja, na yanapendekeza masharti ambayo nchi za Afrika Mashariki zinapaswa kuyaweka kabla ya kuingia katika miradi ya aina hii.

Maneno msingi: udijitishaji, maktaba, hakimiliki, vitabu yatima, faragha ya msomaji

1.0 Utangulizi

Desemba 2004 kampuni ya Google ilitangaza makubaliano na maktaba za vyuo vikuu vya Michigan, Harvard, Stanford na Oxford, pamoja na Maktaba ya Umma ya New York. Maktaba zingetoa vitabu. Kampuni ingevipiga picha ukurasa kwa ukurasa, ingevigeuza kuwa maandishi yanayoweza kutafutwa kwa kompyuta, kisha ingeirudishia kila maktaba vitabu vyake pamoja na nakala ya kidijitali. Kufikia mwaka 2019 kampuni ilieleza kuwa imepita vitabu milioni 40, katika lugha zaidi ya 400.

Mjadala wa mradi huo umeendeshwa kwa kiasi kikubwa kama ugomvi wa ndani ya Marekani kati ya waandishi na kampuni ya teknolojia. Mtazamo huo ni finyu. Tangu mwaka 1966 Maktaba ya Bunge la Marekani imekuwa na ofisi Nairobi inayokusanya machapisho ya Afrika Mashariki na nchi jirani kwa ajili yake yenyewe na kwa ajili ya maktaba za utafiti zinazoshirikiana nayo. Riwaya, diwani, vitabu vya kiada na majarida yaliyochapishwa Dar es Salaam, Nairobi na Zanzibar yamefika kwenye rafu za vyuo vikuu vya Marekani kwa njia hiyo na nyinginezo. Rafu hizo zilipopelekwa kwenye mashine za kupigia picha, Kiswahili kilikwenda nazo. Kwa hiyo swali la nakala ni swali la Kiswahili pia, ingawa hakuna aliyelipeleka mahakamani kwa jina hilo.

2.0 Mkataba Uliokataliwa na Wasomaji Waliosahauliwa

Mwaka 2005 Chama cha Waandishi cha Marekani, na baadaye wachapishaji, walifungua mashitaka wakidai kwamba kunakili kitabu kizima bila idhini ni kuvunja hakimiliki. Mwaka 2008 pande hizo zilifikia mkataba wa usuluhishi wenye thamani ya dola milioni 125. Chini ya mkataba huo, Google ingeuza fursa ya kusoma vitabu ambavyo havichapishwi tena, isipokuwa pale ambapo mwenye hakimiliki angejitokeza na kukataa. Kila jengo la maktaba ya umma nchini Marekani lingepewa kompyuta moja ya kusomea vitabu hivyo bila malipo.

Kompyuta hiyo moja inaeleza mengi. Maktaba iliyotoa maelfu ya vitabu vyake ingeigeukia kampuni kama mteja anayelipia kuingia katika ghala alilolijaza mwenyewe. Kwa upande wake, msomaji aliye nje ya Marekani hakuwamo kabisa. Serikali za Ufaransa na Ujerumani zilipinga, na mwezi Novemba 2009 mkataba ukarekebishwa ili uhusu tu vitabu vilivyosajiliwa katika Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani, au vilivyochapishwa Uingereza, Kanada na Australia. Marekebisho hayo yalipokewa kama ushindi wa nchi nyingine. Yakitazamwa kutoka Afrika Mashariki, yana sura mbili. Kitabu kilichochapishwa Nairobi au Dar es Salaam bila kusajiliwa Marekani kiliepushwa na biashara ambayo mwandishi wake hakuiridhia. Lakini nakala iliyokwisha kupigwa ilibaki pale ilipo, bila mkataba wowote unaoitaja na bila njia yoyote ya mwandishi kujua kwamba ipo.

Machi 2011 Jaji Denny Chin aliukataa mkataba. Aliona kwamba ungeipa kampuni moja mamlaka makubwa mno juu ya vitabu yatima, yaani vitabu ambavyo hakimiliki yake bado hai lakini mwenyewe hajulikani au hapatikani, na kwamba uamuzi wa namna hiyo ni kazi ya Bunge. Hukumu hiyo ilikuwa sahihi. Hata hivyo, Bunge la Marekani halikutunga sheria ya vitabu yatima, na vitabu hivyo vimebaki vimepigwa picha lakini havisomeki.

3.0 Uhalali wa Kijisehemu na Mipaka Yake

Kesi iliporejea, Jaji Chin aliamua mwaka 2013 kwamba mradi ni matumizi ya haki, yaani matumizi ambayo sheria ya Marekani huyaruhusu bila idhini ya mwenye hakimiliki. Mahakama ya Rufani, kwa kalamu ya Jaji Pierre Leval, ilikubaliana naye Oktoba 2015, na Aprili 2016 Mahakama ya Juu ilikataa kuisikiliza rufaa. Kiini cha hoja ya Leval ni kwamba utafutaji ni kazi mpya, tofauti na usomaji. Anayeandika neno kwenye kisanduku huambiwa ni vitabu gani vina neno hilo, na huoneshwa vijisehemu vya takribani moja ya nane ya ukurasa. Kijisehemu kimoja katika kila ukurasa na ukurasa mmoja katika kila kumi hufichwa daima. Kwa mbinu hiyo, hata mtafutaji mwenye bidii hakuweza kupata zaidi ya asilimia 16 ya kitabu, tena kwa vipande vilivyotawanyika. Mahakama iliona kuwa vipande kama hivyo haviwezi kuwa mbadala wa kitabu.

Hoja hiyo ni imara kwa kitabu cha historia cha kurasa mia nne. Inalegea inapofika kwenye tanzu fupi, na mahakama yenyewe ilitambua hilo: ilizingatia kwamba kampuni haioneshi vijisehemu vya kamusi, vitabu vya mapishi na vitabu vya mashairi mafupi. Kwa Kiswahili, mwanya huo ni mpana. Ubeti wa shairi la tarbia una mishororo minne tu na aghalabu hubeba wazo lililokamilika. Kijisehemu kimoja kinaweza kuubeba wote. Methali hukamilika katika mstari mmoja. Kinga hiyo inategemea mtu au programu kutambua kwamba kitabu fulani ni diwani na si riwaya, na utambuzi huo hutokana na orodha za maktaba zilizo mbali na lugha yenyewe. Pale ambapo orodha imekosea, mshairi hana pa kulalamikia.

Faida ya utafutaji, ambayo ndiyo mhimili wa hukumu, nayo haiwi sawa kwa lugha zote. Injini inayolinganisha mfuatano wa herufi peke yake haitampa anayetafuta "kitabu" kurasa zenye "vitabu", wala anayetafuta "soma" kurasa zenye "usomaji". Zana ya Google ya kufuatilia maneno katika vitabu kwa karne nyingi ina lugha kama Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kirusi na Kiebrania, Kiswahili hakimo. Vitabu vya Kiswahili vimechangia wingi wa mkusanyiko, huku zana zilizotolewa kuwa sababu ya uhalali wake zikiwanufaisha zaidi wasomaji wa lugha nyingine.

4.0 Hakimiliki Inapokwisha Nyumbani na Kubaki Ugenini

Mfano wa Shaaban Robert unaweka tatizo hili wazi. Mwandishi huyo alifariki mwaka 1962. Kwa sheria ya Tanzania, kama ilivyo kwa Kenya na Uganda, hakimiliki hudumu kwa uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Miaka hiyo ilitimia mwaka 2012. Sheria ya Marekani ina hesabu nyingine: kitabu cha kigeni kilichochapishwa kabla ya mwaka 1978, na ambacho bado kililindwa kwao mwaka 1996, kwa kawaida hulindwa miaka 95 tangu kuchapishwa. Kwa kanuni hiyo, Kusadikika, iliyochapishwa mwaka 1951, itakuwa mali ya umma nchini Marekani baada ya mwaka 2046. Msomaji wa Tanga anaweza basi kukutana na mlango uliofungwa kwa sheria ya nchi nyingine, mbele ya kitabu ambacho sheria ya nchi yake imekwisha kukifungua.

Upo ushahidi wa upande wa pili pia. Maktaba zilizopokea nakala zao ziliunda mwaka 2008 hazina ya pamoja iitwayo HathiTrust. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba ni halali kwa hazina hiyo kuwapa wasomaji wasioona nakala kamili. Ushindi huo unawiana na Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 2017, Uganda 2018 na Tanzania 2020. Lakini mwaka 2020, maktaba zilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, HathiTrust iliziruhusu maktaba wanachama wake kuwasomesha watu wao nakala za kidijitali za vitabu vilivyofungiwa rafuni. Huduma hiyo ilikuwa ya busara, ila ilifuata uanachama na rafu. Mwanafunzi wa chuo mwanachama aliweza kusoma riwaya ya Kiswahili iliyokuwa katika rafu za chuo chake, wakati mwanafunzi wa nchi ilikoandikwa hakuwa na mlango wa kugonga.

5.0 Siri ya Msomaji

Katika maktaba ya jadi, mkutubi hujua nani ameazima kitabu gani, na maadili ya kazi yake humtaka anyamaze. Kitabu kikirudishwa, habari huishia hapo. Nakala ya kidijitali huweza kuandika zaidi: ni neno gani lilitafutwa, ukurasa gani ulifunguliwa, kwa muda gani na kwa kifaa kipi. Mashirika ya kutetea faragha yalilieleza hilo mahakamani mwaka 2009. Jaji Chin alikiri kwamba hofu hiyo ni ya kweli, lakini akasema kwamba peke yake haitoshi kuukataa mkataba. Hapo ndipo udhaifu wa kuliacha suala la maktaba kwenye kesi ya hakimiliki unapoonekana: waliokuwa mbele ya jaji walikuwa wenye vitabu na wenye mashine, na msomaji hakuwa mmoja wao. California ililazimika kutunga sheria yake, iliyoanza kutumika Januari 2012, inayoidai serikali amri ya mahakama kabla ya kupewa taarifa za wasomaji wa vitabu, vikiwemo vya kidijitali.

Afrika Mashariki ina sheria za kulinda taarifa binafsi: Kenya na Uganda tangu 2019, Rwanda tangu 2021 na Tanzania tangu 2022. Ni hatua kubwa, ila ni sheria za jumla ambazo hazikutungwa kwa kulenga rekodi za usomaji. Pengo hilo si dogo. Msomaji wengi wanayemfikiria mbele ya kompyuta ya maktaba, katika eneo hili husoma kwa simu, na laini ya simu husajiliwa kwa jina na kitambulisho cha mwenyewe. Kijana anayetafuta kitabu kuhusu ugonjwa anaouonea aibu, au kuhusu siasa za chama asichotaka kujulikana nacho, hana tena kona ya rafu ya kujificha.

6.0 Mapendekezo

Uhakiki huu unaelekeza kwenye masharti manne. Kwanza, maktaba ya taifa au ya chuo isisaini mkataba wa udijitishaji unaoipa kampuni upekee. Ipokee nakala yenye ubora uleule, na iwe na haki ya kuitunza, kuisomesha na kubadilishana na maktaba nyingine.

Pili, sheria za hakimiliki zitamke namna ya kushughulikia vitabu yatima. Funzo liko Michigan: mwaka 2011 chuo hicho kilitangaza orodha ya vitabu kilivyoviona kuwa yatima, na baadhi ya wenyewe wakapatikana ndani ya siku chache. Mpango ukasimamishwa. Utafutaji wa mwenyewe uwe wa dhati, utangazwe magazetini na redioni katika eneo la mwandishi, na mrithi anayejitokeza baadaye alipwe.

Tatu, sheria za maktaba zieleze kwamba rekodi ya usomaji hufutwa haja yake inapokwisha, na haitolewi kwa yeyote pasipo amri ya mahakama.

Nne, nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki zitambue kwa pamoja orodha ya vitabu vya Kiswahili ambavyo hakimiliki yake imekwisha, ili nakala iliyotengenezwa Dodoma isomeke Kisumu na Bujumbura bila mashaka. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina nafasi ya kuisimamia orodha hiyo.

7.0 Hitimisho

Mradi wa Google umethibitisha kwamba maktaba nzima inaweza kunakiliwa, na mahakama zimethibitisha kwamba kunakili huko kunaweza kuwa halali. Yote mawili yana manufaa, na wasioona ni mashahidi wa kwanza. Kilichobaki ni cha kisera. Tanzania na Kenya zimekuwa na sheria zinazomtaka mchapishaji awasilishe nakala za kila kitabu kwa taasisi za taifa, kwa kuamini kwamba taifa lisiloshika vitabu vyake hutegemea hisani ya wengine kujisoma. Imani hiyo haijachakaa. Ikihamishiwa kwenye nakala za kidijitali kabla mikataba haijasainiwa, Kiswahili kitaingia katika hazina za dunia kikiwa na ufunguo wake mkononi.