Kutunga Shanga, Kutunga Maana: Kazi za Sanaa Gateja katika Uhakiki wa Kiswahili

Makala hii inajadili mchakato wa ubunifu wa Sanaa Gateja, msanii wa Uganda aliyezaliwa Kisoro mwaka 1950, ambaye huunganisha shanga za karatasi, nguo ya gome la mti na rangi katika kazi moja. Inajadili pia lugha tunayoitumia kumhakiki. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda liliporidhia, Julai 2022, Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni, makongamano yetu yameelemea kwenye walimu, vitabu na mitihani. Hayo ni ya lazima. Hata hivyo, lugha isiyoweza kumweleza mkazi wa Makindye kile anachokiona kimetundikwa ukutani itabaki kuwa somo la darasani. Katika tarafa hiyo, mtaa wa Kabalagala, kipo kituo cha sanaa cha 32° East, kilichoanzishwa mwaka 2011. Sanaa ya kisasa jijini Kampala inatengenezwa na kujadiliwa mahali kama hapo, na mjadala wake wa maandishi ni wa Kiingereza karibu wote.

Kiswahili, hata hivyo, kimo tayari ndani ya jina la msanii. Gateja aliishi na kufanya kazi Mombasa kabla ya kwenda kusoma Italia na Uingereza, na kituo alichokianzisha baada ya kurejea Uganda kinaitwa Kwetu Afrika. Wahakiki wanaoandika kwa Kiingereza hulipita neno “Sanaa” kama jina la mtu tu. Kwa msomaji wa Kiswahili jina hilo ni hoja. Neno hili, lenye asili ya Kiarabu, halikuzaliwa na mpaka kati ya kazi ya mikono na kazi ya fikra. Mchonga mlango wa Lamu na mtunga utenzi wote wamo ndani yake. Mpaka huo tuliletewa na shule, na ndio unaofanya shanga ziwekwe kwenye duka la zawadi na picha ya rangi ya mafuta iwekwe kwenye jumba la maonyesho.

Tuanze na istilahi inayotusumbua zaidi. Sanaa isiyoonyesha mtu, mti wala nyumba huitwa kwa Kiswahili “sanaa dhahania”. Neno hili tumelizoea katika sarufi: nomino dhahania ni upendo, uhuru, njaa, yaani vitu visivyoshikika. Sasa tusimame mbele ya kazi ya Gateja. Hakuna umbo la kutaja, ni kweli. Kuna mikondo ya rangi, duara, vishada vinavyosongamana kisha kuachana. Lakini kila kilichopo kinashikika. Shanga ina uzito, ina kivuli chake, na nguo inayoibeba inalegea pale shanga zilipo nyingi. Kuiita kazi hiyo dhahania ni kumwambia mtazamaji atafute mahali pengine kile kilicho mbele ya macho yake. Ninapendekeza tuseme “sanaa isiyoiga”, istilahi inayotaja kile ambacho kazi haifanyi bila kuipokonya mwili wake.

Mchakato wenyewe unastahili kuelezwa polepole. Karatasi iliyokwisha kutumika, ya magazeti na machapisho mengine, hukatwa vipande virefu vya pembetatu. Kipande huviringwa kwenye kijiti chembamba kuanzia upande mpana, hupakwa gundi, kisha vanishi. Upana wa kitako ndio unaoamua urefu wa shanga, na kadiri pembetatu inavyorefuka ndivyo tumbo la shanga linavyonenepa. Mtengenezaji hawezi kujua kikamilifu rangi itakayotokea, kwa kuwa zinazobaki kuonekana ni kingo za karatasi tu, na habari yote iliyochapwa imefungwa ndani. (Ufundi huu haukuanzia Uganda, akina mama wa Uingereza ya karne ya 19 waliviringa shanga za karatasi sebuleni mwao. Hilo halimpunguzii Gateja lolote.) Kwa mwanaisimu, hapa ndipo penye utamu. Kila shanga ni matini iliyozimwa: tangazo, taarifa ya bei, pengine jibu la mtihani, ambalo sasa halisomeki tena bali linaonekana. Maana haikufutwa, imeviringwa.

Kiswahili kina kitenzi kimoja kwa tendo linalofuata. Shanga hutungwa, na shairi hutungwa. Hatuhitaji kueleza uhusiano huo kwa tamathali, kwa sababu uko kwenye msamiati wa kila siku. Jirani yetu wa Kiganda anaongeza jambo: okutunga ni kushona, na omutunzi ni fundi cherehani. Kwa Gateja maana hizo zinakutana kwenye sindano moja, kwa kuwa shanga zinashonewa kwenye lubugo.

Lubugo nalo si turubai. Ni gome la ndani la mutuba, linalobanduliwa msimu wa mvua na kupondwa kwa nyundo za mbao zenye mifuo hadi litanuke na kulainika. Mti hufungwa majani ya migomba, gome likaota tena. UNESCO iliutangaza ufundi huu mwaka 2005 na kuuingiza katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2008. Ila Muganda hahitaji orodha hiyo ili ajue kwamba lubugo ni vazi la kutawazwa na sanda ya kuzikia. Anayeandika kwamba Gateja “anatumia kitambaa cha asili” ameacha kifo nje ya picha.

Sifa anazopewa Gateja mara nyingi ni mbili: anaokoa taka, na anawapa wanawake kipato. Zote ni za kweli, na zote zinamkwepa. Hazisemi kwa nini kazi moja inafaulu kuliko nyingine. Kwa maoni yangu, hufaulu zaidi pale shanga zinapoachwa ziongoze mkondo, na hudhoofika zinapotumikia umbo la mtu, ambapo hugeuka kujaza nafasi iliyochorwa tayari.

Na hao wanawake? Mikono mingi aliyoifunza imeviringa shanga hizi. Mwaka 2024, banda la Uganda kwenye maonyesho ya Venice, lililosimamiwa na Acaye Kerunen, lilimweka Gateja pamoja na kundi la wasusi na wafumaji kama washiriki wa maonyesho hayohayo. Hatua hiyo ilikwenda mbali kuliko uhakiki wetu. Ushairi wa Kiswahili umezoea kumtambua mtunzi hata pale beti zake zinapoimbwa na wengine, na huwatambua pia manju na waitikiaji wake. Kwa kazi za Gateja hatujauliza bado nani ni manju, nani anaitikia, na kama aliyeviringa shanga 1,000 za rangi fulani, akichagua mwenyewe karatasi ipi iingie, bado anaitwa mwitikiaji.